Sauti ikishaingia, inatokaje? Maongezi kuhusu kanda, DAT, MiniDisc na memori kadi

(Niliongea haya mbele ya vijana wanaorekodi kwaya, kaswida na ngoma. Nimeyaandika karibu vile vile nilivyosema, nimepunguza tu kukohoa.)

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo vipi. Nimepewa nusu saa, nitajitahidi, ila mnanijua nikianza habari za mashine nachelewa kunyamaza, kwa hiyo anayekaa mbali akiona muda wa daladala unaisha aondoke tu sitanuna.

Mliponiita mlisema niwaambie ipi bora kati ya kanda, DAT, MiniDisc, CD, MP3 na hizi rekoda za memori kadi. Swali hili watu wanaligombania miaka nenda rudi, na ukiwasikiliza vizuri wanagombania kitu kimoja tu, ipi inasikika safi. Mi naona kwa watu kama sisi, tunaobeba mashine begani kwenda kurekodi bibi anaimba huko kijijini au kwaya ya mtaani, hilo ni swali la pili. La kwanza ni hivi: sauti ikishaingia humo ndani, inatokaje? Miaka 20 ijayo utaitoa kwa mashine gani, na utahitaji ruhusa ya nani? Nitazipitia kwa jicho hilo, zingine nitaziruka haraka maana hazina maneno mengi.

Tuanze na kanda, hii wote mnaijua hata kama wengine mmeiona kabatini kwa baba tu. Philips waliionyesha kwenye maonyesho ya redio Berlin mwaka 1963, timu iliyoitengeneza ilikuwa Hasselt, Ubelgiji, chini ya injinia Mholanzi anaitwa Lou Ottens, na haikukusudiwa muziki kabisa jamani, ilikuwa ya kurekodi maneno, mtu anasema barua zake sekretari anakuja kuzipiga taipu. Utepe wenyewe upana wake haufiki milimita 4 na unatembea sentimita 4.76 tu kwa sekunde. Sasa linganisheni na zile tepu kubwa za studio za redio, kama zile bendi zetu zilizokuwa zinarekodiwa nazo pale Radio Tanzania, utepe mpana zaidi na spidi ya studio kwa kawaida ni sentimita 19 au 38 kwa sekunde. Utepe ukiwa mwembamba na ukienda taratibu sauti za juu zinapungua na ule mvumo wa shiiiii unakuja juu, ni fizikia hiyo, hakuna fundi wa kubishana nayo. Dolby, mfumo wa kupunguza mvumo, ilipunguza, kanda za krome na za metali zilipunguza, ila haukuisha.

Lakini angalieni ilichokuja kufanya. Philips waliachia kampuni nyingine watengeneze bila kuwatoza leseni, sharti tu wafuate vipimo, basi kila kiwanda kikaingia. Kanda iliyorekodiwa Mombasa ilicheza Bujumbura na ilicheza Muscat, hakuna aliyeuliza we una redio ya kampuni gani. Maduka kama Mbwana Radio Service pale Mombasa yalirekodi taarabu na kuziuza kwenye kanda, na ndugu waliohamia Oman na Dubai walikuwa wanatumiwa salamu kwa kanda, mama anaongea upande A, watoto wanasoma kaswida upande B, inatiwa kwenye bahasha au anapewa msafiri, na huko ikifika inasikilizwa na sebule nzima. Barua kwa mtu asiyejua kuandika. Hakuna mashine nyingine kwenye orodha yangu ya leo iliyofanya kazi hiyo kwa watu wengi hivyo mpaka ilipokuja simu.

Na redio kaseti ilikuwa inacheza na inarekodi, vyote viwili, kitufe chekundu kipo pale kila mtu anakiona. Nasema hivi kwa sababu Sony walipotoa Walkman ya kwanza, tarehe 1 Julai 1979, TPS-L2, waliondoa kurekodi. Ilikuwa na tundu mbili za hedifoni, wapenzi wawili wasikilize pamoja, sawa, ila kurekodi hamna. Watu wakainunua kama njugu, na tangu hapo ikawa kawaida mashine nzuri ya mfukoni ni ya kusikiliza tu, anayetaka kurekodi atafute mashine maalumu ya bei nyingine. Mgawanyo huo haukuwa wa kiufundi, ulikuwa wa kibiashara, na utauona unarudi mara kwa mara huko mbele.

Sasa kwenye kanda kuna vitu viwili vya kuviangalia kwa karibu. Kwanza vile vimeno viwili vya plastiki mgongoni. Kimeno kikivunjwa redio inakataa kurekodi upande huo, ndo maana kanda za dukani zinakuja zimeshavunjwa. Na sisi tulichofanya wote mnakijua, unakunja kikaratasi unajaza kile kitundu, au unabandika selotepu, mahubiri ya mtu yanafutwa juu yake unarekodi mpira wa Simba na Yanga. Kwa hiyo mkienda kukusanya kanda za wazee, kitu cha kwanza kabla hamjaiweka kwenye mashine yoyote, vunja vimeno, toa vikaratasi. Kidole kikiteleza kwenye kile kitufe chekundu hakuna cha kurudisha.

Pili ni kiskrubu kidogo kando ya hedi, kile kipande kinachosoma utepe. Kila redio hedi yake imekaa kwa mlalo wake, tofauti ndogo sana huwezi kuiona kwa jicho. Kanda iliyorekodiwa na redio yenye hedi iliyoinama kidogo, ukiipiga kwenye redio iliyonyooka inasikika kama mtu anaongea ndani ya blanketi, na watu wengi wanasema kanda imekufa wanaitupa. Haijafa! Chukua bisibisi ndogo, weka sauti mono, geuza kile kiskrubu taratibu kanda ikiwa inacheza, kuna mahali sauti za juu zinarudi ghafla, herufi s zinasikika, kayamba linafunguka. Hapo ndo acha. Nimeona watu wakitokwa machozi kwa robo mzunguko wa bisibisi.

Urefu wa kanda nao. C60 utepe wake una unene wa kama maikroni 18, C120 ni kama nusu ya hapo, ndo maana C120 ilikuwa inaliwa na redio, inanyooka, inajikunja. Kwa kurekodi kitu cha maana wazee walitumia C60 au C90. Na kila ukidabu toka deki hii kwenda ile mvumo unaongezeka, nakala ya nakala ya nakala ile uliyonunua stendi unasikia mvumo kwanza ndo unasikia mwimbaji. Kutoka inatoka, ila inachakaa njiani.

DAT ilikuja kuondoa hilo. Sony, 1987, utepe bado lakini sauti imeandikwa kidijitali, biti 16, sampuli 48,000 kwa sekunde, yaani sauti inapimwa mara 48,000 kila sekunde, hedi inazunguka kama ile ya video. Nakala ya DAT kwenda DAT haina tofauti na ya mwanzo hata chembe. Na hapo ndo kampuni za muziki zilipopata homa. Walipiga kelele Marekani mpaka mashine za watu wa kawaida zikawekewa kitu kinaitwa SCMS, nakala ya kwanza ya kidijitali sawa, nakala ya nakala mashine inakataa, na mwaka 1992 sheria ya Marekani ikalazimisha. Mashine haijui kwamba ile ni kwaya yako mwenyewe umeirekodi kwa maiki yako mwenyewe, yenyewe inakuona mwizi tu. DAT ikabaki studio na kwa watafiti, Sony wakaacha kutengeneza mashine zake mwaka 2005, na leo tatizo lake ni baya kuliko la kanda. Hedi ile inayozunguka ina vipuri vidogo ambavyo fundi wa mtaani hana, na kanda ya DAT ikiharibika kidogo haivumi wala haififii, inakatika kabisa, kimya au mikwaruzo. Kanda ya kawaida iliyoota ukungu huku pwani bado utasikia mtu anaimba nyuma ya ukungu. Kidijitali hakuna nyuma ya ukungu.

DCC, kanda ya kidijitali ya Philips, sisemi sana, 1992 imetoka 1996 imezikwa, walau ilikuwa inacheza kanda za kawaida.

MiniDisc. Jamani. Hapa mnivumilie kidogo maana hii mashine niliipenda na mpaka leo nikiishika nafurahi. Sony, mwishoni mwa 1992. Kidiski cha milimita 64 ndani ya kasha lake la plastiki, kinaingia mfuko wa shati. Kinavyorekodi ni hivi, leza inapasha moto nukta ndogo sana kwenye diski mpaka karibu nyuzi 180, hapo nukta inasahau sumaku yake, upande wa pili kuna hedi ya sumaku inaigeuza inavyotaka, ikipoa imebaki hivyo. Haigusani na leza kwa hiyo haichakai, wenyewe walisema unafuta na kurekodi mara milioni moja. Diski inabeba kama megabaiti 140 tu za muziki, ambazo kwa sauti ya CD hazifiki dakika 15, ndo ikabidi waibane, kutoka kilobiti 1,411 kwa sekunde za CD mpaka 292, kwa mfumo wao unaitwa ATRAC. Mashine za mwanzo zilisikika kubanwa, za baadaye mi na masikio yangu haya siwezi kuapa natofautisha.

Kwa mtu wa kurekodi nje ilikuwa raha. Unatembea nayo, inatikiswa, ina akiba ya sekunde kadhaa kwenye memori kwa hiyo haikatiki. Unarekodi harusi nzima, ukirudi nyumbani unakata pale MC alipopiga domo, unahamisha wimbo wa tatu uwe wa kwanza, unafuta, yote hapo hapo kwenye mashine bila kompyuta, na sauti haijaguswa, kinachobadilishwa ni faharasa ya diski tu, ile orodha inayosema wimbo upi uko wapi. Hiyo faharasa wanaiita TOC na ndo ilikuwa presha yake, inaandikwa mwisho, ukishabonyeza stop. Skrini inaandika TOC Edit inamemeta, na ole wako mtu akugonge au betri zitoke wakati ule, maana sauti yote ipo kwenye diski ila mashine inasema diski tupu. Unasimama pale umeikumbatia kama yai huku watu wanakuita uje kula pilau.

Haya, sasa uliza swali langu. Inatokaje? Karibu mashine zote za mfukoni za MiniDisc hazikuwa na tundu la kidijitali la kutolea. Unachomeka waya kwenye tundu la hedifoni, upande wa pili kwenye kompyuta, unabonyeza play, unasubiri. Saa moja ya kurekodi ni saa moja ya kusubiri. Ikaja NetMD, MiniDisc yenye waya wa USB, mwaka 2001, watu wakashangilia, kumbe USB ile kwa hesabu za Sony ni ya kuingiza nyimbo toka kompyuta, ulichorekodi kwa maiki hakitoki. Fikirieni, waya upo, data ipo, kompyuta ipo, na programu inakataa kwa makusudi. Sony hao hao walikuwa na kampuni ya muziki ndani ya nyumba moja, mi naona idara ya muziki ilikuwa inamshika mkono injinia. Mashine iliyokuja kuruhusu kutoa rekodi za diski za zamani ni MZ-RH1 ya mwaka 2006, wakati huo dunia imeshahamia kwingine. MiniDisc za mfukoni wakaacha kuzisafirisha 2011, deki za nyumbani 2013, na diski tupu zenyewe zimefungwa kiwandani Februari 2025. Leo RH1 ya mtumba bei yake inatia hasira. Na kinachonifurahisha ni kwamba wapenzi wa MiniDisc wameshavunja kufuli lile wenyewe, kuna programu inaitwa Web MiniDisc Pro, inafanya kazi ndani ya brauza, na kwa baadhi ya NetMD za Sony inatoa rekodi kwa USB kama ilivyotakiwa iwe tangu mwanzo. Miaka 20 imechukua.

CD ya kuchoma naipita. Ilikuwa nzuri ya kugawa, kila mtu alikuwa na deki, ila zile CD tupu za bei rahisi rangi yake inakufa kwa joto na mwanga, ukiziacha kwenye dashibodi ya gari Dar umezika. Kama mna za 2005 zenye kitu cha maana zihamisheni kabla hamjaoa.

MP3 sasa. Wataalamu wa Fraunhofer kule Ujerumani, jina kubwa ni Karlheinz Brandenburg, walikaa miaka kutafuta sauti zipi sikio halizisikii kwa sababu zimefunikwa na sauti nyingine kubwa, wanazitupa. Herufi mp3 kwenye mwisho wa faili zilichaguliwa 1995. Kwa kilobiti 128 dakika moja ya muziki ni kama megabaiti moja, Rio PMP300 ya mwaka 1998 ilikuwa na megabaiti 32, yaani nusu saa ya nyimbo basi, na bado kampuni za muziki za Marekani zilikimbilia mahakamani kuizuia, zikashindwa. Ikaja iPod 2001, kubwa, nzuri, na yenyewe iTunes ilikuwa inakuingizia nyimbo ila kuzitoa kuzirudisha kompyuta nyingine inakuzuia. Mnaona ule ule mchezo.

Ila MP3 yenyewe kama faili haina mwenye mlango. Huku kwetu ilishinda kwenye vibanda, unampa kijana memori kadi yako anakujazia nyimbo, unaichomeka kwenye simu ya Kichina yenye spika kubwa, kwisha. Kadi inahama toka simu hii kwenda ile, toka simu kwenda redio ya bodaboda. Fraunhofer walipofunga leseni zao 2017 kwa sababu hataza zilikuwa zimeisha muda, magazeti ya nje yakaandika MP3 imekufa, mi nikacheka, kitu kimekuwa bure cha kila mtu halafu unasema kimekufa?

Udhaifu wake nendeni mkausikilize kwenye makofi. Chukua harusi yoyote iliyobanwa kilobiti 64, sikiliza pale watu wanapiga makofi na vigelegele na kayamba linatikiswa nyuma, utasikia kama maji yanachemka. Makofi ni sauti elfu ndogo ndogo za ghafla, hakuna ya kuifunika nyingine vizuri, mfumo unachanganyikiwa. Na muziki wetu mwingi ndo umejaa hayo. Kwa hiyo MP3 ni ya kugawa, usirekodie. Ulichotupa wakati wa kubana hakirudi hata ukigeuza faili kuwa WAV, lile faili la sauti isiyobanwa.

Simu ndo zaidi. Zile simu za zamani za vitufe zilikuwa zinarekodi kwa AMR, mfumo wa kubana maongezi, sampuli 8,000 kwa sekunde, maana yake hakuna sauti yoyote juu ya hezi 4,000 inayoingia, na kayamba sehemu kubwa inaishi juu ya hapo. Simu za sasa zinarekodi vizuri tu, hata zingine WAV, tatizo linaanza unapoituma. Voisi noti ya WhatsApp inatumia Opus, mfumo mzuri sana, ila pale umebanwa kwa ajili ya mtu anayeongea. Ukirekodi kwaya kwa voisi noti umerekodi umbea wenye melodi. Rekodi kwa programu ya kurekodi, halafu tuma kama dokumenti, faili linafika kama lilivyo.

Rekoda za kadi, hizi Zoom na Tascam na wengine, zilianza kushika kasi kama 2006 hivi, na kwa swali langu la leo ndo jibu lenye kasoro chache. WAV ya ubora wa CD inakula kama megabaiti 10 kwa dakika, kadi ya gigabaiti 32 inakaa masaa kama 50. Unatoa kadi unaichomeka popote, haikuulizi jina. Biti 24 kama ipo chukua, unarekodi sauti ikiwa chini kidogo bila woga halafu unainua nyumbani. Ila ule ugonjwa wa faharasa upo mpaka leo, betri ikifa kabla ya stop faili nyingi zinabaki hazifunguki, tofauti ni kwamba sasa data unaweza kuivua kwa programu za kurekebisha. Na kadi feki! Imeandikwa 64 kumbe 8, inakubali kurekodi inachekelea, kumbe baada ya gigabaiti ya 8 inaandika hewani. Ijaze kadi mpya yote nyumbani kwa H2testw, programu ya kompyuta ya kupima kadi, kabla hujapanda basi nayo.

Mtaniuliza sasa nichague nini. Rekodi WAV, gawa MP3 au tuma kwa simu, kanda na MiniDisc zilizopo zitoeni mwaka huu mkiwa bado mna deki zinazocheza, maana kanda zenyewe ni imara kuliko deki. Belti za ndani zinalegea zinageuka lami, na mafundi waliokuwa wanazijua wanastaafu. Mkitoa toeni kwa biti 24, nakala mbili kwenye diski mbili zisizolala nyumba moja, na mwanzoni mwa faili ongea mwenyewe kwa mdomo, nani anaimba, wapi, lini, kwa sababu lebo ya karatasi itabanduka na jina la faili litabadilishwa na mtu, lakini sauti yako imo ndani humo humo.

Nimeshapitisha muda, mwenyekiti ananiangalia. Naona watu wamekuja na kanda kwenye mifuko, deki ipo hapo mezani na laptopu imeshachomekwa, tunaanza na yule mama wa mbele. Ila hedi lazima isafishwe kwanza, spiriti ninayo, nani ana pamba?